Kwa Nini Sikumleta Kasereka Nyumbani

Butembo, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu,

Amani iwe ndani ya nyumba yako hapo Bungulu, Beni, na juu ya kila mtu anayelala humo. Umeamkaje? Goti lako la kushoto linasemaje, sasa mvua zimeanza? Na ile damu ya kupanda, pale dispanseri walikupa dawa ama walikupa maneno tu? Yaya Paluku, kaka yetu mkubwa, na mke wake hawajambo? Mihogo mliing'oa mbele askari hawajapita, ama waliila wao? Huku tunasikia kwamba risasi zinalia upande wa Mavivi na ndege zinashuka kila siku. Lakini huku tunasikia mengi, na nusu yake ni uongo, donc ninaomba hata hayo yawe uongo.

Sisi wawili tuko hai. Mimi ni mzima. Mdogo wangu Kasereka ni mzima, isipokuwa ana kovu jipya juu ya jicho, na nitakuambia lilitoka wapi. Najua mke wa Yaya Paluku ndiye atakayekusomea barua hii. Wifi, tafadhali usiruke kitu, hata pale ninapojisema vibaya. Anayeileta ni shemasi wetu wa hapa, anapita njia za mashamba kwa miguu, maana barabara kubwa imefungwa tena.

Mama, barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka imekatika kwenye mkunjo. Uliandika: "Kijana wa miaka makumi mbili anatafuta nini mu masomo ya batoto? Umulete, nimuone mbele sijakufa." Unafikiri nilikataa. Mama, sikukataa. Nilimtuma.

Acha nianze pale ilipoanzia. Unakumbuka Kasereka alikuja huku akiwa na miaka kumi na mmoja, nilipopata kazi ya ualimu kwenye kituo hiki cha watoto ambao akili yao inatembea polepole. Hapa alijifunza kufunga vifungo vya shati, kuoga mwenyewe, kusema jina lake na lako na la mtaa wetu. Lakini sheria ya kituo ni kwamba ukifika miaka kumi na minane umemaliza. Hakuna anayeuliza kama umejua. Siku ya mwisho wanakupikia wali na nyama, wanakupigia makofi, unaenda.

Mimi ndiye niliyekuwa naandika orodha ya darasa. Kasereka alipofika miaka kumi na saba niliandika kumi na saba. Mwaka uliofuata nikaandika kumi na saba. Na mwaka mwingine tena, na wenzake wanne nao niliwapunguzia miaka. Ulitufundisha tusiseme uongo, lakini kila nikishika kalamu nilimuona amekaa nyumbani ukutani, kama alivyokuwa anakaa mbele sijamchukua, mikono juu ya magoti, toka asubuhi mpaka jua kuzama.

Masera Mkubwa, yule mtawa anayeongoza kituo, aliniita bureau, ofisini kwake, siku moja na orodha zote tatu zikiwa mezani.

"Kavira," akaniuliza, "huyu mudogo yako hakomae?"

Nikaziangalia zile orodha.

"Iko na ndevu. Nimeziona na macho yangu."

Hakunifukuza. Si mtu mbaya, Mama. Ana watoto wadogo wengi wanaongoja nafasi, na mama zao wanakuja kukaa kwenye ngazi kila Jumatatu. Alisema wakubwa wote watano waliopita umri waende kwa wazazi wao mwisho wa muhula, Kasereka akiwa wa kwanza.

Ndipo nilipopata barua yako. Nikasema basi, Mungu amesema kwa midomo miwili. Yule dereva anayeimba sauti ya besi katika kwaya yenu alikuwa anapandisha vitunguu Beni. Nilimkalisha Kasereka juu ya lori, katikati ya magunia, nikamvalisha koti langu. Mimi nilikuwa na mitihani, singeweza kumsindikiza. Nikamwambia vile tunavyowaambia darasani, polepole, neno kwa neno: "Usishuke mu kamio mpaka umuone Mama. Mutu akikuambia shuka, kataa." Akarudilia mara tatu bila kukosea. Nilifurahi, Mama. Nilirudi shuleni nikijisifu.

Walipofika Kalunguta walikuta makundi mawili yanagombania bariere, kizuizi cha barabarani. Risasi zikaanza. Dereva na abiria waliruka, wakakimbilia kwenye mashamba ya kahawa. Dereva alimvuta Kasereka kwa shati. Kasereka alishika chuma kwa mikono yote miwili, akisema, "Sijamuona Mama." Unajua nguvu zake. Shati likapasuka, dereva akakimbia na kipande mkononi. Alifika huku kwa miguu siku ya tatu, akanikuta kwenye mlango wa darasa, akanipa kile kipande cha shati. Hakuweza kuniangalia.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilitembea na wanawake waliokuwa wanaenda kutafuta mihogo, tukapita mashambani, na jua lilipoanza kushuka tukafika. Kamio lilikuwa limeingia mtaroni. Vitunguu vyote vimechukuliwa, matairi yamechukuliwa, hata viti vya mbele. Kasereka alikuwa amekaa juu, palepale nilipomkalisha, damu imekauka usoni. Mama mmoja wa pale, mkulima, mjane, alikuwa anamrushia ndizi.

"Huyu ni wako?" akaniuliza.

"Ni mudogo yangu."

"Tumemubembeleza mpaka tumechoka. Mvua inamunyeshea, anakataa kushuka. Basoda balimupiga na kitako ya bunduki, akaanguka chini, akapanda tena. Anasema iko anangoja mama yake. Nikamuambia mimi pia ni mama. Akaniambia, apana weye."

Nilimuita. Aliniangalia, akafurahi, uso wote ukafunguka. Lakini hakushuka.

"Kasereka, shuka, twende."

"Weye hauko Mama."

"Ni mimi nilisema usishuke. Sasa ni mimi nasema ushuke."

Akafikiri sana. Kisha akatikisa kichwa. Nilikuwa nimemwambia mtu akisema shuka, akatae, na mimi nami ni mtu. Nilipanda, nikakaa naye pale juu, nikaeleza tena na tena, nikalia, na yeye akanipangusa machozi na mkono wake mchafu, lakini hakuachilia kile chuma. Upande wa Beni watu walikuwa wanakuja wakikimbia na magodoro kichwani, wakisema hakuna mtu anayepita. Askari walikuwa wanarudi.

Basi nikamdanganya. Nikasema, "Mama iko Butembo, anatungoja." Akashuka mara moja.

Mama, ninakaa chumba kimoja tu. Tulipofika alikutafuta humo mara mbili. Aliinama akaangalia chini ya kitanda.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limenifanya nichelewe kukuandikia.

Kituoni nafasi yake ilikuwa imeshapewa msichana mdogo. Beni hakufikiki. Na kwenye avenue zetu askari walikuwa wanakamata vijana wenye mabega, wanawabebesha masanduku ya risasi mpaka wasikojua. Kijana mkubwa asiyejibu haraka wanasema ana kiburi, ama ni mpelelezi. Sikuwa na mtu wa kumuachia. Donc nilinunua kufuli. Kila asubuhi nilimwekea maji, ndizi, ndoo, nikafunga mlango kwa nje, nikaenda kazini.

Siku za kwanza alifikiri ni mchezo. Alikuwa anacheka nikigeuza ufunguo. Kisha akaanza kugonga. Kisha akaacha kugonga, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Na mimi asubuhi hiyohiyo nilikuwa nasimama mbele ya watoto wadogo nikiwafundisha, "Fungua mlango. Funga mlango. Nani anaweza kufungua mlango?" Wote wanakimbilia kitasa. Mama, kuna siku nilitoka nje nikashika ukuta.

Jirani yangu, mama mwenye watoto wanne, aliniuliza siku moja kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ule mutu iko mufungwa?" Nikamjibu vibaya. Nikamwambia aangalie watoto wake.

Ilipita wiki ya kwanza, ya pili, nikafika ya sita. Siku ya Jumatano, watoto wakiwa mazoezini, risasi zilianza mjini kwenyewe. Tuliwalaza watoto chini ya meza, tukawaimbia. Askari walifunga avenue, hakuna kutoka. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mtoto mmoja amenishika shingo, na kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu, ufunguo uliokuwa ndani ya sidiria yangu. Saa kumi ya alasiri ndipo walipotuachilia. Sijui nilikimbia namna gani.

Uwanja wetu ulikuwa mtupu. Wote walikuwa wamekimbia. Risasi moja ilikuwa imetoboa bati la jirani. Kwenye kufuli kulikuwa na alama za jiwe. Yule mama niliyemjibu vibaya alijaribu kulivunja mbele hajakimbia na watoto wake, likamshinda. Nilifungua. Kasereka alikuwa amekaa sakafuni katikati ya chumba, amevaa shati lake la Jumapili, amefunga vifungo vyote. Hakulia. Aliniuliza swali moja, na alikuwa amelitayarisha, maana alilisema lote bila kukwama:

"Yaya, batu ya mu kashoti banakosa kitu. Mimi nilikosa nini?"

Kashoti iko karibu na soko, tunapita hapo Jumapili, anawaona wafungwa kwenye dirisha. Mimi nilimweleza siku moja kwamba ni watu waliokosa.

Nililitoa kufuli mlangoni, Mama.

Kesho yake sikwenda kufundisha. Nilimshika mkono tukaenda kuwatafuta wale wengine wanne. Nilitaka kujua wazazi wao wanaishije. Masika, yule binti anayecheka sana, baba yake ni fundi wa viatu. Nilimkuta binti amefungwa mguu kwenye kitanda na kipande cha kitenge, fundo laini, la upendo, lakini ni fundo. Baba yake alisimama mbele ya mlango nisione. Nikamwonyesha ufunguo wangu, nikamwambia, "Baba, mimi pia." Ndipo aliponipisha. Wawili wengine walikuwa wamefichwa kwa nyanya zao, hawatoki. Wa tano, Mbusa, aliyekuwa anapenda muziki, alifuata redio ya askari siku ya soko, hajarudi. Mama yake bado anampikia.

Jumatatu tulienda bureau ya Masera Mkubwa, wazazi wote na sisi wawili. Niliweka kufuli juu ya meza yake. Nikamweleza kila kitu, hata kamio la Kalunguta.

"Tulimfundisha asishuke," nikasema. "Hatukumfundisha afanye nini kamio likiharibika. Tunawafundisha kutii mpaka miaka kumi na minane, halafu tunawaachilia mu vita."

"Kavira, sina mwalimu," akasema. "Sina chumba. Na bale banaotusaidia banatoa kwa batoto. Haba hapana batoto."

Baba Masika hajazoea kusema mbele ya watu. Alikuwa anageuza kofia yake mkononi. Akasema, "Masera, ni kweli, hapana batoto. Juu ya ile tumekuya. Mutoto, vita ikianza, ninamubeba. Huyu nitamubeba namna gani?"

Masera alimgeukia Kasereka. Kisha akafanya jambo ambalo hata mimi sijalifanya, nami ni mwalimu wake na dada yake. Alimuuliza Kasereka mwenyewe.

"Kasereka, unapenda ujifunze nini?"

"Kuenda," akasema.

"Kuenda wapi?"

Kasereka alimuangalia kama vile hakuelewa swali. "Kuenda," akarudilia.

Masera alilichukua kufuli, akalitia kwenye saraka. Akasema kutakuwa na darasa la wakubwa, mpaka miaka makumi mbili na mitano, kila alasiri, katika ile nyumba ya zamani ya sungura nyuma ya jikoni. Wazazi walianza kushukuru, mama mmoja akapiga magoti akisema wasingya, wasingya. Lakini Masera alikuwa bado ananiangalia.

"Mwalimu ni weye," akasema. "Asubuhi wadogo, alasiri wakubwa. Na utasaini, sinyatire ya miaka mitatu. Ukienda, darasa inakufa siku ileile."

Hapo, Mama, ndipo penye jambo langu. Unajua nilikuwa nimeomba nirudi Beni. Mchungaji wenu alikuwa ameshanikubalia chumba cha shule ya Jumapili nifungue darasa dogo hapo Bungulu, na wewe uliniandikia kwamba umeshapaka chokaa chumba changu. Nilikuwa nahesabu miezi. Nilifikiri nitakuwa karibu na goti lako na dawa zako. Niliishika ile kalamu, wazazi wote wananiangalia, na Kasereka ananiangalia. Nilisaini. Nilipotoka nje nilisikia kama mtu amegeuza ufunguo nyuma yangu, na hakuna hata wa kumlaumu, maana mkono ulikuwa wangu.

Usifikiri nimekuchagua wa mwisho. Kuna siku ninaamka nikiwa na hasira na kila mtu, na Masera, na vita, hata na Kasereka akiwa amelala tu. Kisha ninaenda kazini.

Tulifagia mavi ya sungura siku mbili. Wanafunzi ni wanne. Masera aliwapa karte, kadi za mwanafunzi, na safari hii niliandika umri wa kweli. Hatuimbi nyimbo za watoto tena. Tunajifunza kuuliza njia. Tunajifunza nani unaweza kumuuliza na nani usimuulize. Ninawaambia, "Umeambiwa ungoje hapa. Mvua imekuja. Unafanya nini?" Tunabishana mpaka jioni. Tunafunga kamba katikati ya uwanja, inakuwa bariere, na mmoja anakuwa askari. Masika ndiye askari mkali kuliko wote, anakunja uso mpaka mwenyewe anaanguka kwa kicheko.

Wiki iliyopita nilimuachilia Kasereka aende peke yake toka kituoni mpaka nyumbani. Nilimfuata kwa mbali, nimejitwika kikapu, nimevuta kitambaa mpaka kwenye nyusi kama mwizi. Kwenye njia panda kulikuwa na askari watatu wa kweli.

"Telema!" mmoja akapiga kelele. Ni kusema simama, kwa Lingala.

Akasimama. Akatoa karte.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani kwa Yaya."

Askari aliigeuza karte juu chini, akacheka, akaitia mfukoni. "Njia imefungwa. Rudia kwenye umetoka."

Mama, miguu yangu ilitaka kukimbia. Kasereka alisimama pale. Nilimuona anafikiri, najua mgongo wake akifikiri. Akanyoosha mkono. "Karte yangu," akasema. Hakupiga kelele, hakulia. Askari alimuangalia muda, akairudisha. Kasereka akageuka, akaangalia huku na huku, akawaacha wanaume waliokaa kwenye duka, akaenda kwa mama anayeuza makaa.

"Mama, njia ingine iko wapi?"

Yule mama akaonyesha na mdomo. Kasereka akapita hapo.

Nikataka kumfuata. Nilipokatiza tu, askari wakanishika mimi. Wakaniuliza ninajificha nini chini ya kitambaa. Wakanituma nikachote maji mtoni, safari nne, mwalimu mzima, huku nikiwaza mdogo wangu yuko peke yake katikati ya Butembo. Nilifika nyumbani nimelowa mpaka kiunoni. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, viatu amevivua, anakula ndizi.

"Umechelewa," akaniambia.

Hizo ndizo habari, Mama. Barabara bado imefungwa, na ikifunguliwa nitakuwa na karatasi inayonishika. Sitakuahidi mwezi wala msimu. Vakansi ya shule ikikuta njia iko wazi, tutakuja wote wawili hata kwa siku tatu. Ikikuta imefungwa, utusamehe. Na kama damu inapanda, usiningoje mimi, mwambie Yaya Paluku akupeleke dispanseri juu ya baiskeli, hata ukiona haya.

Umsalimie sana Yaya Paluku na mke wake anayesoma maneno haya. Wifi, asante kwa koo lako. Umsalimie shangazi, dada ya marehemu Baba, anayeuza makaa pale sokoni. Umsalimie mchungaji, umwambie kile chumba ampe mwalimu mwingine, si vizuri kikae bure. Na yule dereva wa besi, akifika huko, umkaribishe bugali, umwambie simlaumu, maana hata mimi sikuweza kumshusha.

Ni mimi binti yako, niliyefungwa huku lakini sijakusahau,

Kavira

Kasereka amekaa hapa anauliza kama nimemaliza. Nimemuuliza ana neno gani kwako. Amesema niandike hivi, nisibadilishe: "Uambie Mama, mimi niko naenda soko. Hapana mutu ananishika mukono."